Haji Ali: Mwongoza Ngamia Aliyezikwa Jangwani Arizona



Muhula uliopita tulimzika mzee mmoja aliyekuwa akilinda geti la hosteli iliyo jirani na chuo. Sote tulimwita Afande, kwa sababu alikuwa mwanajeshi mstaafu, na mpaka siku zake za mwisho alitembea kama mtu anayekaguliwa kwenye gwaride. Kila Ijumaa alisali nasi katika safu ya nyuma, karibu na mlango, ili awahi kurudi getini. Alipofariki, kamati yetu ya janaza ilinituma nitoe tangazo msikitini baada ya sala ya Adhuhuri. Nilikuwa nimekwisha kushika kipaza sauti ndipo nikagundua kuwa sijui jina lake. Nikageuka kuwauliza wenzangu, nao hawakulijua. Basi tukatangaza kifo cha Afande, tukamsalia Afande, tukamzika Afande. Mpwa wake alifika jioni kwa basi, kaburi likiwa limekwisha kufunikwa, na ndiye aliyetuambia mzee wake aliitwa nani na alikuwa mtoto wa nani.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nasoma kwa ajili ya somo letu la historia ya Waislamu wanaoishi wakiwa wachache. Humo nikakutana na maisha ya askari mmoja mzee aliyefariki zaidi ya miaka 120 iliyopita katika kijimji kidogo cha jangwani huko Marekani. Yeye naye alizikwa kwa jina ambalo si lake. Leo kaburi lake ni maarufu, na watalii hupiga picha mbele yake, lakini wengi wao hawajui kwamba jina wanalolicheka lilianza kama jina la heshima la mtu aliyekwenda Makka. Nimeona niwasimulie habari zake, kwa sababu zina la kutufundisha sisi wenye dhamana ya kuwazika watu.

Kijana wa dola ya Uthmaniya

Mtu huyu alizaliwa karibu mwaka 1828 katika nchi zilizokuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Baba yake alikuwa Msuria na mama yake Mgiriki. Wanahistoria wanaeleza kuwa utotoni aliitwa Philip Tedro, kisha katika ujana wake akasilimu. Akaenda kuhiji, na baada ya hapo akajulikana kwa jina la Haji Ali.

Hapa kwetu Uganda hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa neno hilo. Mtu akirudi kutoka Makka, jina lake la zamani hurudi nyuma, na mtaa mzima humwita Hajji, na mke wake aliyehiji huitwa Hajjat. Wakati ule heshima hiyo ilipatikana kwa jasho zaidi. Hapakuwa na ndege. Msafara wa mahujaji kutoka Sham ulikata jangwa kwa majuma mengi, na watu walihesabu maji kwa vikombe. Aliyerudi salama alikuwa ameiona njia yote kwa miguu yake au kutoka juu ya mgongo wa ngamia.

Na ngamia ndiyo ilikuwa kazi ya Haji Ali. Aliwafuga, akawafundisha kubeba mizigo, akajua namna ya kumpigisha magoti mnyama mkaidi na namna ya kufunga shehena isiyomchubua mgongo. Inasimuliwa pia kuwa aliwahi kulitumikia jeshi la Wafaransa huko Algeria. Ujuzi huo ndio uliompeleka mbali na kwao.

Jeshi linalotafuta ngamia

Mwaka 1848 Marekani ilimaliza vita vyake na Mexico ikiwa imejitwalia eneo kubwa la magharibi. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa jangwa. Farasi na baghala wa jeshi walikufa kwa kiu, na kila mzigo wa chakula uliopelekwa kwenye ngome za mbali uligharimu fedha nyingi. Waziri wa Vita wa wakati huo, Jefferson Davis, akashika wazo kwamba kama Waarabu wanavuka jangwa kwa ngamia, jeshi lake nalo linaweza. Mwezi Machi 1855 Bunge la Marekani likaidhinisha dola 30,000 kwa ajili ya jaribio hilo.

Meja Henry Wayne na Luteni David Porter wakatumwa na meli iliyoitwa Supply. Walipita Tunis, Istanbul, Misri na Izmir wakinunua ngamia. Mwezi Mei 1856 ngamia 34 walishushwa katika bandari ya Indianola, Texas, na mwanzoni mwa 1857 meli hiyo ikaleta wengine 41. Lakini kununua ngamia ni jambo moja, na kumwongoza ni jambo jingine. Wanajeshi wa Marekani hawakuwajua wanyama hawa, waliwaogopa na waliwachukia harufu. Kwa hiyo pamoja na ngamia waliajiriwa vijana wachache kutoka nchi za Uthmaniya, na Haji Ali alikuwa mmoja wao. Katika wote, yeye ndiye aliyekuja kujulikana zaidi.

Hakuwa Mwislamu wa kwanza kukanyaga ardhi hiyo, na ni vema tulikumbuke hili. Maelfu ya Waislamu wa Afrika Magharibi walikuwa wametangulia, wakiwa wamefungwa minyororo. Miongoni mwao alikuwa Omar ibn Said wa Futa Toro, ambaye mwaka 1831, akiwa mtumwa huko North Carolina, aliandika maisha yake kwa mkono wake kwa lugha ya Kiarabu. Haji Ali aliposhuka Texas, Omar alikuwa bado hai na bado mtumwa. Mmoja alikuja kwa mshahara na mwingine alikuja kwa kuuzwa, lakini wote wawili walikuta nchi isiyojua kulitamka jina la Mwislamu.

Ndipo jina lilipoanza kuharibika. Wale askari na wapagazi hawakuweza, au hawakutaka kujishughulisha, kusema Haji Ali. Wakasema Hi Jolly. Kwa Kiingereza matamshi hayo yanasikika kama salamu ya mzaha, kama vile unamwita mtu mcheshi anayepita njiani. Jina la hija likawa jina la kuchekesha, na likamganda maisha yake yote. Hata kaburi lake linaitwa hivyo mpaka leo.

Njia ya kuvuka jangwa

Mwaka 1857 Edward Beale alipewa kazi ya kupima na kufungua njia ya magari ya kukokotwa kutoka Fort Defiance, katika eneo la New Mexico, hadi mto Colorado. Alichukua ngamia 25, na Haji Ali akawa miongoni mwa waongozaji wao. Mwanzoni ngamia walibaki nyuma ya msafara kwa sababu walikuwa wamekaa muda mrefu bila kazi. Baada ya siku chache walizoea, na tangu hapo ndio waliowabebea wengine maji. Walikula miiba na vichaka vichungu ambavyo baghala walivipita bila kuvigusa. Beale aliandika taarifa iliyojaa sifa juu yao.

Jaribio kubwa lilikuwa mto wenyewe. Beale alikuwa ameambiwa kwamba ngamia hawezi kuogelea. Walipofika Colorado mwezi Oktoba, ngamia waliingizwa majini, na wote wakavuka wakiogelea bila hata mmoja kupotea. Katika kuvuka huko huko, farasi wawili na baghala kumi wa msafara walizama. Njia ile iliyopimwa na nyayo za ngamia baadaye ilipitiwa na wahamiaji wengi, na reli na barabara kuu ya magari zikafuata mkondo wake kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo kikazi jaribio lilifaulu, na Waziri wa Vita aliyemfuata Davis aliliomba Bunge linunue ngamia elfu moja. Hawakununuliwa. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka, na yule Jefferson Davis aliyeleta ngamia akawa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Nani tena katika serikali ya Washington angelitetea wazo lake? Ngamia wa California wakapigwa mnada mwaka 1864, na wa Texas wakauzwa mwaka 1866. Wengine walinunuliwa na watu wa sarakasi, na wengine wakaachwa wazurure.

Haji Ali alinunua wachache akajaribu biashara ya kusafirisha mizigo kati ya mto Colorado na machimbo ya madini ya Arizona. Biashara haikusimama. Sababu mojawapo ni kwamba farasi na baghala wa wasafiri wengine walishtuka kwa harufu ya ngamia, wakakata kamba na kutawanyika, na wenye mali wakamjia juu. Mwishowe aliwafungulia ngamia wake jangwani karibu na Gila Bend, wakaenda zao. Kwa miaka mingi baadaye watu wa Arizona walisimulia kuwa wamemwona ngamia usiku, wengine kwa kweli na wengine kwa kutunga.

Vita vya Waapache

Haji Ali hakurudi kwao. Aliendelea kulitumikia jeshi kwa vipindi, akiwa mpakiaji wa mizigo ya wanyama na mwongoza njia. Mwaka 1880 alichukua uraia wa Marekani, na katika karatasi zake akatumia lile jina la utotoni, Philip Tedro. Mwaka huohuo, katika mji wa Tucson, alimwoa Gertrudis Serna, na wakajaaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1885 jeshi lilimwajiri tena. Safari hii ilikuwa vita hasa. Jenerali George Crook alikuwa akimfuatia Geronimo na Waapache wake katika milima ya mpakani na Mexico, na Haji Ali, akiwa na umri unaokaribia miaka 60, aliongoza baghala waliobeba chakula na risasi. Kazi hiyo haina sifa katika nyimbo za vita, lakini kila askari anajua kuwa jeshi hutembea kwa tumbo. Asiyefika na mzigo kwa wakati amewaua wenzake.

Lazima niseme ukweli hapa, kwa sababu tukiandika habari za Mwislamu wa zamani tuna tabia ya kumsafisha mpaka asiwe mtu tena. Vita ile haikuwa ya haki. Waapache walikuwa wakifukuzwa katika ardhi ya babu zao, na Haji Ali alikula mshahara wa upande uliowafukuza. Geronimo alijisalimisha mwezi Septemba 1886. Yeye na watu wake wakapakiwa kwenye garimoshi na kupelekwa kifungoni Florida, na pamoja nao wakapelekwa hata wale Waapache waliokuwa wamelitumikia jeshi la Marekani kama waongoza njia katika vita hiyohiyo. Walioisaidia serikali na walioipinga walifungwa pamoja. Haji Ali, mwongoza njia mwingine asiye wa kabila la wenye nchi, alikuwa na sababu ya kujiuliza serikali hii huwalipaje wanaoitumikia.

Jibu lake alilipata uzeeni. Baada ya vita hakukaa tena na familia yake mjini Tucson. Homa ya dhahabu ilimshika, akaiacha nyumba na kwenda kuchimba. Sitaki kumtetea kwa hilo, maana mke na watoto wana haki juu ya mwanamume, na dhahabu si udhuru. Alihamia karibu na kituo cha zamani cha magari ya farasi kilichoitwa Tyson's Wells, mahali palipokuwa na visima katikati ya jangwa, ambapo baadaye paliitwa Quartzsite. Huko aliishi akichimba, akitafuta vibarua, na mara mojamoja akiitwa na serikali kuongoza njia. Walioandika maisha yake wanaeleza kuwa alipozeeka na nguvu kumwishia, alitafutiwa pensheni ya serikali na hakupewa. Katika mahesabu ya jeshi alikuwa mwajiriwa wa kukodiwa. Miaka 30 ya jangwa, mto na vita haikumfanya kuwa askari wa kudumu anayestahili malipo ya uzeeni.

Alifariki tarehe 16 Desemba 1902. Watu wa huko hupenda kusimulia kuwa alisikia habari za ngamia mwekundu anayezurura jangwani, akatoka kumtafuta katikati ya dhoruba ya mchanga, na wote wawili wakakutwa wamekufa, mkono wake ukiwa shingoni mwa ngamia. Ni hadithi tu, lakini inaonyesha kuwa hata waliomcheka waliona kwamba katika nchi ile yote, aliyebaki kumfahamu ni ngamia.

Kaburi lenye piramidi

Alizikwa katika makaburi ya Quartzsite. Katika Arizona ya mwaka 1902 hapakuwa na msikiti wala jumuiya ya Waislamu ya kuja na sanda na kusimama safu. Walimzika majirani zake, wachimbaji na wachunga ng'ombe, kama walivyozoea kuzikana. Allah awalipe kwa wema wao, kwani hawakumwacha jangwani.

Zaidi ya miaka 30 ikapita. Mwaka 1935 idara ya barabara ya Arizona ikajenga juu ya kaburi lile mnara wa kumbukumbu, na gavana wa jimbo, Benjamin Moeur, akauzindua. Ni piramidi ya mawe ya jangwa hilo, na kileleni amesimama ngamia wa shaba. Kibao kilichowekwa hapo kinaeleza kuwa alizaliwa mahali fulani Syria, kwamba alikuwa mwongoza ngamia, mpakiaji na mwongoza njia, na kwamba kwa zaidi ya miaka 30 aliisaidia serikali ya Marekani kwa uaminifu. Mwaka 2011 mnara huo uliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Kila majira ya baridi maelfu ya watu huenda Quartzsite na magari yao ya kulala, na wapo wanaokwenda kuliona kaburi hilo.

Tulipolijadili darasani, mjadala wetu ulianza na piramidi. Ndugu mmoja alikumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza makaburi yasijengewe, na kwamba mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wanasema kaburi liinuliwe kiasi cha shibiri tu ili lijulikane. Dada mmoja akaongeza kuwa juu yake kuna sanamu ya kiumbe. Yote hayo ni sahihi. Lakini maiti hahukumiwi kwa jengo alilojengewa na wengine miaka 33 baada ya kufa, hali yeye hakuliusia.

Kinachonisumbua mimi katika kaburi lile ni hesabu yake. Serikali ilipata mawe, saruji, shaba na gavana wa kuhutubia kwa ajili ya mtu ambaye alipokuwa hai na njaa, ilisema hana haki ya pensheni. Dini yetu inatufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hapa jasho lilikauka, mwili ukakauka, ndipo shukrani ikaletwa kwa mawe. Tusiwacheke sana Wamarekani. Ni mara ngapi sisi tunachangisha fedha za hema, viti na pilau ya matanga ya mtu ambaye mwaka mzima alikuwa akikopa unga dukani?

Mjadala ulipofika kwenye jina ukawa mkali zaidi. Baadhi yetu walisema kwamba kurudi kwenye jina la Philip mwaka 1880 ni dalili ya kuuacha Uislamu, na kwa hiyo hafai kuhesabiwa miongoni mwetu. Wengine walisema jina la kwenye karatasi za uraia si shahada, na kwamba hakuna asiyejua namna wageni wanavyobadili majina ili wapate kazi, ndoa na ardhi. Mimi nilikumbuka kisa cha Usama bin Zaid, aliyemwua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa hofu ya upanga. Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali na kumuuliza kama alimpasua moyo akaona kilichomo. Kama Usama, aliyekuwepo, aliyesikia na kuona, hakuruhusiwa kuhukumu moyo, sisi wenye kitabu cha maktaba na mtihani wa kesho tunapata wapi ruhusa hiyo?

Tena, hata tukitaka kuuliza swali hilo, tuulize na la pili. Mtu aliyeishi karibu miaka 46 bila adhana, bila Mwislamu wa kumwitikia salamu, bila mtu hata mmoja wa kulitamka jina lake sawasawa, je, lawama yote ni yake? Imani ni ya mja na Mola wake, lakini kuilinda ni kazi ya jamaa. Ndiyo maana tukawekewa sala ya jamaa, kumzuru mgonjwa, kuitikia salamu na kufuata jeneza. Haki hizo za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe haziwezekani kutekelezwa na mtu mmoja peke yake jangwani.

Jina la aliyefagia msikiti

Sisi tumekatazwa kuitana kwa majina ya kubezana. Ni kweli kwamba Afande si jina la kubeza, na mzee wetu mwenyewe alilipenda. Lakini Hi Jolly nalo halikuanza kama tusi. Lilianza kwa uvivu wa ulimi, watu wakaona linatosha, na kwa kuwa lilitosha hakuna aliyeuliza zaidi. Kosa letu halikuwa kumwita mzee kwa cheo chake. Kosa letu ni kwamba lile jina la mkato lilitutosha kwa miaka yote ile tuliyopita getini kwake.

Wakati wa Mtume (s.a.w.) palikuwa na mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alifariki, na Masahaba wakamzika bila kumwambia Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Alipokosekana, Mtume akauliza habari zake. Alipoambiwa kuwa amekufa, aliwalaumu kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamsalia hapo. Mafakihi huichukua hadithi hii kama dalili ya kufaa kumsalia maiti aliyekwisha kuzikwa. Mimi naichukua pia kama dalili kwamba kiongozi wa umma aliona pengo la mfagiaji. Asingeliona pengo hilo kama hakuwa akimwona mfagiaji alipokuwa hai.

Kwa sababu hiyo nimeiomba kamati ya janaza ya jumuiya yetu jambo moja, na Alhamdulillah wamekubali. Tumeanzisha daftari. Kila mlinzi, mpishi, mfagiaji, fundi na bodaboda anayesali nasi ataulizwa jina lake kamili, jina la baba yake, kwao ni wapi, na ndugu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Wanafunzi wanaotoka mbali nao wataandikwa, maana kati yetu wapo wenzetu wa Sudan Kusini, Kongo na Burundi ambao kwao hakufikiki kwa siku moja, na janaza ya Kiislamu haingoji. Hakuna gharama isipokuwa ya daftari na kalamu. Kubwa zaidi ni kwamba ili umuulize mtu mambo hayo lazima ukae naye kidogo, na baadhi ya wazee wetu hawajakaliwa na mtu kwa muda mrefu. Nilipomkalisha mpishi wa kantini kumwandika, nilitarajia dakika 5. Tuliachana jua likizama.

Ijumaa iliyopita wachache wetu tulikwenda makaburini. Tulisimama kwenye kaburi la mzee wetu, tukamwombea kwa jina lake na la baba yake, kwa mara ya kwanza. Mtume (s.a.w.) aliweka jiwe kichwani pa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue, nasi tukaweka jiwe, moja tu, la kawaida, tuliloliokota kando ya njia. Halina maandishi. Jina liko kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, pamoja na safu ya kaburi na idadi ya hatua kutoka mwembeni, ili mpwa wake akija tena asipotee.

Allah amrehemu mzee wetu, amrehemu kila Mwislamu aliyekufa ugenini, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaowajua watu baada ya kuwafunika udongo. Na Haji Ali jambo lake liko kwa Mola wake, ambaye hapotezi jina la mtu. Wabillahi tawfiq.